Kibodi ya Rangi ya Kucha

Juzi Saniya alinitumia orodha kwenye simu. Saniya ni mjukuu wa Haboba Zenabu wa Koboko, na haboba kwetu sisi Wanubi ni bibi, awe wa damu au wa kupewa na maisha; huyu mimi nilipewa. Haboba Zenabu tulimzika wiki tatu zilizopita, amekula chumvi nyingi kuliko mtu yeyote niliyemjua. Sasa Shaaban inakaribia, mwezi ambao nyumba yake hufanya karama: watu hukaa, husoma dua, hula, na majina ya wafu wote wa ukoo husomwa moja baada ya jingine. Mwaka huu jina lake mwenyewe lilipaswa kuingia. "Shangazi, nimeichapa yote upya kutoka kwenye ile karatasi ya zamani, niangalizie kama nimekosea," aliandika Saniya. Nilivaa miwani, nikateremka na majina kwa kidole, nikayatambua yote, maana mtu wa kwanza kuyachapa nilikuwa mimi. Hayakuwa na kosa hata moja. Ila karibu na mwisho, baada ya jina la mume wa Haboba, palikuwa na mstari mtupu ambao niliuacha kwa makusudi, na Saniya alikuwa ameufunga. Niliiweka simu mezani bila kujibu. Nikaenda kufungua sanduku ninamoweka kibodi ya zamani, imefungwa kwa leso, na rangi nyekundu kwenye vitufe vyake bado ilikuwa inang'aa.

Mwaka wa kibodi hiyo nilikuwa na miaka kumi na tisa, mjuaji wa kila kitu, na Mama Furaha ndiye aliyenipa kiti cha kukalia. Alikuwa Mkongo wa Ariwara, Mkristo wa kuimba tangu alfajiri, mwanamke mnene mwenye vidole vyembamba visivyofanana naye hata kidogo, aliyevuka mpaka na kompyuta mbili zimeviringishwa ndani ya godoro. Chumba chake cha uchapaji kilikuwa nyuma ya soko la Arua. Pazia la kitenge lilikigawa: mbele mashine, nyuma jiko la makaa na sufuria ya sombe, majani ya mihogo ya kutwangwa, kwa hiyo kila karatasi iliyotoka kwetu, iwe ya mahakama au ya harusi, ilinukia mawese. Watu wa Manibe na Ayivu walikuja kwa baiskeli na barua za kanisa za Kilugbara. Waliotoka ng'ambo ya mpaka walitaka Kifaransa, ofisi zilitaka Kiingereza, na tuliobaki tulitaka Kiswahili. Nilipenda kukaa kimya na kusikiliza. Pazia halizuii maneno, na siku hizo mimi nilijua nani anamwacha nani mjini Arua kabla mwenye kuachwa hajajua. Siku hizi nafundisha kompyuta kwenye vyumba vyenye feni na sakafu ya vigae, lakini nikifumba macho nikafikiria neno "kazi", kinachonijia ni moshi ule wa makaa.

Umeme wa mji ulikuja ulipopenda, na ulipokataa tulikaa mbele ya mashine zilizokufa. Hapo ndipo nilipojifunza. Mama Furaha alimenya mihogo nyuma ya pazia akinitajia maneno, nami niliyachapa kwenye skrini nyeusi, neno baada ya neno, saa sita mchana, jua likiwaka nje na mbuzi wa jirani amelala mlangoni. "Kidole kidogo, Hawa! Kidole kidogo kinalalaka bure!" alipaza sauti, maana alijua kwa masikio tu ni kidole gani nilichotumia. Wakati mwingine alichoka kutaja maneno akaanza kuimba, nami nikachapa wimbo. Wakati mwingine hakuna aliyesema kitu, nikachapa mambo yangu mwenyewe, mambo ambayo nisingethubutu kuyaandika mahali panapoonekana. Nilipenda mtu mwaka ule, na barua zangu zote kwake ziliingia kwenye skrini ile iliyozimika. Hadi leo najiuliza zilikwenda wapi.

Umeme ukirudi, mashine ilianza kuguna, na kwenye kona ya chini ya skrini zilitokea herufi mbili ndogo: FR. Kibodi yetu ilikuwa ya Kifaransa, imetoka Bunia. Ukibonyeza Alt na Shift kwa pamoja, FR inageuka EN, na kitufe kile kile ulichokizoea kinakutolea herufi nyingine. Mara ya kwanza nilishtuka. Mara ya pili nikaona raha, nikawa nageuza na kurudisha, nageuza na kurudisha, mpaka Mama Furaha akaniuliza kama nimekuja kazini au kucheza. Nilikuwa nimelelewa ndani ya lugha nne na sikuwahi kujua kwamba kuna mahali ninapotoka moja na kuingia nyingine. Pale kwenye kona mlango ulionekana.

Haboba Zenabu aliingia siku ya soko, vumbi jekundu la barabara ya Koboko limemjaa mpaka kwenye kope. Hakukaa. Alifungua leso akatoa daftari lililoliwa na mchwa pembeni, limejaa majina kwa herufi za Kiarabu, mwandiko mdogo uliobanana.

"Hii chombo yenu iko najua alif-ba?" akauliza.

"Inajuaka yote, mama," Mama Furaha akajibu bila kupepesa jicho, naye hajawahi kuiona alif hata moja ndani ya mashine ile.

"Basi. Mimi macho iko nazimika. Hii mkono ni yangu, hapana mtu mwingine anaweza kusoma. Mimi nikipofuka, watu yangu nani atawaita?" Alisema hivyo kama mtu anayeuliza nani atafunga mbuzi jioni. Halafu akakubali chai.

Alipoondoka, Mama Furaha alinigeukia. "Hawa, weye ni Mwislamu. Ile kazi ni yako." Fundi wetu, Jado, kijana wa Aru aliyekuja kila Jumatano na mfuko wa CD, alitueleza kwamba herufi za Kiarabu zimo ndani ya mashine ila hazijafunguliwa, na kwamba angeleta CD yake wiki ijayo. Wiki ni ndefu kwa mtu wa miaka kumi na tisa. Nilikuwa na kichupa cha rangi nyekundu ya kucha, kilichobaki kutoka harusi ya rafiki yangu, na siku ya tatu ya kukosa umeme nilichukua kijiti cha meno nikaanza kuvipaka vitufe. Nilianzia upande wa kulia, kama nilivyofundishwa madrasani: alif kwenye kitufe cha mwisho cha safu ya juu, kisha ba, ta, tha, nikielekea kushoto, nikiimba kwa sauti ileile ya kubembea tuliyoimbia mikekani tukiwa watoto. Kumi juu, kumi katikati, nane chini. Herufi ishirini na nane zilienea sawasawa, haikuzidi hata moja, mpaka nikaona ni ishara kutoka kwa Mungu. Haikunipitia akilini kujiuliza nani ameiambia kompyuta kwamba pale pana ba. Nilidhani kilichoandikwa kimeandikwa.

Jumatano Jado akaja na CD. Kwenye kona zikatokea AR, nasi tukashangilia, hata Mama Furaha akapiga kigelegele. Nikabonyeza alif yangu, ikatoka ha. Nikabonyeza ba, ikatoka kha. Jado aliangalia skrini, akaangalia vitufe, akacheka mpaka akakaa sakafuni. "Dada, kompyuta haionaka rangi. Inaonaka waya tu. Herufi za Kiarabu ziko na mahali yao, si ile ya mwalimu wa Kurani." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilikimbilia dawa ya kutoa rangi, nikawa nimeshafungua kifuniko, Mama Furaha akatoka nyuma ya pazia na mwiko mkononi. "Weye! Ile dawa inakulaka plastiki! Utatoa alif yako na Kifaransa yangu pamoja!" Na kweli, herufi za Kifaransa zilikuwa zimeshaanza kufifia kwa kazi. Tukabaki tumesimama watu watatu tukiiangalia kibodi kama mgonjwa. Mwishowe Jado alifuta machozi ya kicheko, akasema kama rangi haiwezi kutoka, basi ndani ndiko kuhamishwe. Alikuwa na programu ndogo ya kuchora upya kazi ya kila kitufe. Ilituchukua siku mbili za umeme. Mimi nilitaja, yeye akaweka: dal hapa, dhal hapa, ra mwisho wa safu. Alipomaliza nilibonyeza alif, alif ikatoka, na sijawahi tena kufurahi hivyo mbele ya mashine yoyote. "Lakini hii kibodi," Jado akasema akifunga mfuko wake, "hakuna mutu mwingine wa kompyuta ataiweza."

Nilikwenda Koboko kunakili daftari, kwa sababu kweli mwandiko ule haukusomeka isipokuwa na mwenyewe. Nilikaa wiki nzima. Nyumba ya Haboba ilikuwa na vyumba viwili, ukuta umejaa kawa alizosuka mwenyewe, nyekundu na zambarau na kijani, na mabati yalikuwa na matundu ya misumari ambamo jua lilipenya likaweka nukta juu ya karatasi zangu. Nukta hizo zilitembea. Asubuhi zilikuwa kwenye majina ya babu zake, saa za adhuhuri zilikuwa zimefika kwenye mikono yangu. Yeye alisuka, daftari limeegemea goti lake, akiinama mpaka pua inagusa ukurasa, akisoma jina na kulirudia, mimi niliandika. Asubuhi tulikula gurusa, chapati zetu nyembamba laini, kwa chai ya tangawizi. Mchana ilikuwa angara, samaki mkavu kwa karanga za kusaga, na mihogo ya shamba lake la Midia. Siku ya kwanza alinipa kitanda, akatandika mkeka karibu na mlango. Nikakataa kwa adabu zangu zote. "Haboba, kitanda ni chako." Akanisukuma begani. "Lala wewe ukutani. Mama analala upande ya mlango." Niliona ni desturi yake ya ukarimu, nikalala.

Siku ya nne tulifika kwenye jina la mume wake. Barazani walikuwa wamekaa wanaume, na kati yao Mzee Abdallah, shemeji yake, ambaye ndiye aliyesoma majina kwenye karama kila mwaka. Nyumba ya mabati haina siri. "Safari hii amwandike Rajabu," tukamsikia Abdallah. "Miaka ngapi sasa? Mtoto iko bila dua." Mwingine akasema taratibu, "Hapana kumsukuma." Abdallah akajibu, "Mimi hapana kusukuma. Mimi iko nalia na yeye." Kalamu yangu ilisimama. Haboba aliendelea kusuka mpaka akamaliza mzunguko, akakata uzi kwa meno, ndipo akaniambia. Rajabu alikuwa mwanawe wa kiume wa pekee. Mwaka watu wetu wote walipokimbia vita kwenda Sudan, walikuwa njiani yeye na Rajabu, mabegani vyombo. "Tulifika Midia hapo akasema, mama, baiskeli ya baba imebaki, mimi narudi, ni dakika. Hiyo dakika iko mpaka leo." Hakuna aliyeuona mwili wake, hakuna aliyemwona hai. "Nikimwandika hapa, nimemzika mimi mwenyewe na mkono yangu. Nisipomwandika, kama alikufa, hapana mtu anamwombea. Sema wewe, umesoma. Nifanye nini?"

Nilikuwa nimesoma, ndiyo, lakini nilichosomea hakikuwa hicho. Nilimpenda sana wakati ule, na niliogopa kumtazama. Ndipo nikaelewa mkeka wa mlangoni ulikuwa unamngoja nani, na usiku ule nikageukia ukuta nikalia bila sauti.

Nilirudi Arua nikachapa kila jina. Siku chache kabla ya Shaaban Haboba alikuja kusikiliza. Umeme ulikuwepo. Nilimsomea orodha yote, naye akaitikia kila jina kwa kichwa, mara nyingine akitabasamu, kwani wafu wengine walikuwa watu wa mzaha. Nilipomaliza alitikisa kichwa. "Bado mmoja," akasema. "Baada ya baba yake. Lakini wewe hapana kuandika. Mimi." Nilifungua mstari chini ya jina la mume wake, nikazikuza herufi za skrini kadiri zilivyoweza kukua, nikamsogezea kibodi. Haboba hakuwahi kugusa kompyuta maishani mwake, na macho yake yalikuwa yamebaki kama kioo chenye mvuke. Lakini rangi ya kucha ilikuwa imekauka kwa unene, na mpangilio ulikuwa ule wa mkekani. Aliipapasa safu ya juu mpaka mwisho wa kulia, akaweka kidole kwenye alif, akaanza kuimba kwa sauti ya chini. Alif, ba, ta, tha, jim, ha, kha, dal, dhal, akatembea safu nzima mpaka mwisho wa kushoto: ra. Akabonyeza. Akarudi mwanzo, akaimba tena, akasimama katikati: jim. Akabonyeza. Akarudi tena, na safari hii alitamka mbili tu: alif, ba.

Nyuma ya pazia Mama Furaha aliacha kuimba. Kwenye skrini ra ilikaa peke yake, kwa kuwa ra haishiki mkono wa herufi inayoifuata, na jim na ba zikashikana. Rajabu. Haboba alisogea mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo. "Ni yeye?" akauliza. "Ni yeye, Haboba." Alimtazama kwa muda mrefu. Sijui alichokiona, labda weupe tu na weusi tu. Mbuzi wa jirani alilia, mtu akapita na redio. "Namna gani kutoa?" akasema. Nilichukua kidole chake, kilikuwa kikavu na chepesi, nikakiweka kwenye kitufe cha kufuta. Alifuta ba. Alipumzika. Alifuta jim. Kwa ra alichelewa, halafu ikaenda, na mstari ukabaki mweupe na kile kialama chake kikipepesa.

Nilidhani amekata shauri kumwacha. Nikataka kufunga nafasi ile, orodha iwe nzuri. Akanishika mkono. "Usifunge. Hapo pabaki hivyo. Abdallah akifika hapo, asimame kidogo. Mungu iko najua mwenyewe kama hiyo ni dua ya mfu au ya mtu iko safarini." Mama Furaha alitoka na sahani ya sombe na wali, akaiweka mbele yake, akakaa sakafuni karibu na miguu ya Haboba, Mkristo yule, akamshika vidole vya miguu. Walikula pamoja. Nilichapisha karatasi, ikatoka na harufu yake ya mawese.

Kwenye karama nilikaa upande wa wanawake. Mzee Abdallah aliisifu karatasi, akaisoma vizuri, mwanamume mwenye sauti. Alipotamka jina la kaka yake akatazama chini yake, akakuta weupe. Niliona kidole chake kikiugusa. Alijua, nadhani, mara moja. Alikuwa na nafasi ya kulitia jina kwa kinywa chake, hakuna ambaye angemlaumu. Akanyamaza. Barazani pote pakawa kimya, kisha nikaona midomo inaanza kusogea, mmoja, mwingine, hata akina mama waliokuwa jikoni. Haboba alikuwa amefumba macho na uso wake umetulia. Kisha Abdallah akavuta pumzi akaendelea na majina yaliyofuata. Miaka yote tangu hapo ikawa hivyo. Abdallah akafa, wengine wakasoma, na kila mmoja aliyepokea karatasi alifundishwa mahali pa kusimama. Jado alihamia Kisangani, sikusikia habari zake tena. Mama Furaha alirudi Ariwara kuzeekea kwa bintiye, na siku ya kufunga chumba alinipa kibodi: "Chukua na Kifaransa yangu, mwana wangu, humo ndani imebaki kidogo." Saniya alikulia Kampala kwa mama yake. Karama anaijua kwa picha za simu, na kunyamaza hakuonekani pichani.

Nilipoweka kibodi juu ya meza nikapapasa safu ya juu. Ba bado ina kovu la kijiti changu cha meno. Ndipo nikampigia Saniya.

"Shangazi! Umeona? Kuna makosa?"

"Hakuna makosa, mwanangu. Ila kuna mstari umeufunga, baada ya jina la babu yako."

"Ule mtupu? Nilifikiri printa ya zamani iliruka. Pale hakuna kitu, Shangazi."

"Fungua tena," nikamwambia. "Hapo iko mtu."

Nilisikia kucha zake zikigonga kioo cha simu, taratibu. Sikumweleza zaidi; nitamweleza Koboko, tukiwa tumekaa chini ya matundu yale ya misumari.

"Nimefungua," akasema. "Na Haboba? Nilimweka mwisho kabisa, baada ya wote."

"Mtoe huko. Mweke chini ya huo mstari, amguse. Mama analala upande wa mlango."